Tii Isiyotii

Asubuhi hii, kabla sijafungua hata kufuli la pili la karakana, nimeletewa bahasha. Mtu mwenye madeni kama mimi akiona bahasha ya kaki imetuna, moyo humdunda kwa heri, maana bahasha za shari huwa nyembamba. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikaifungua. Ndani mna vijiti vyekundu, rangi niliyoipaka kwa mkono wangu mwenyewe, vyote vimekatika kiunoni. Kumi na vinne. Nimevihesabu.

"Fundi," anasema Bosi, kasimama ubavuni mwa shangingi lake, injini inanguruma, kiyoyozi kinaipoza Keko nzima, "si ulisema zinadumu?"

Naomba mnielewe. Mtu huyu kaziokota maiti hizi uwanjani moja moja, kazitia bahashani, kaamka alfajiri, kavuka foleni mnayoijua, kachoma mafuta kwa bei mnayoijua, ili nimrudishie shilingi elfu moja na mia nne. Na gari hakuzima.

Kidude chenyewe wanakiita tii. Unakichomeka ardhini, juu kina kikombe, mpira wa gofu unakaa hapo mpaka bwana mkubwa aupige. Kwa Kiswahili nilichofundishwa mimi, kutii ni kufanya unaloambiwa. Hii haijafanya hata moja nililoiambia.

Aliyenitia humu ni Side, jirani yangu, kedi. Side huyu hubeba mifuko ya vyuma ya watu, mashimo kumi na nane, juani, na akirudi nyumbani hawezi kubeba ndoo ya maji ya mkewe. Siku hiyo kaja na tii moja ya kutoka nje, kaiweka juu ya benchi langu taratibu kama anatega bomu. "Kaka, wanazinunua kwa mafungu, na kila pigo moja inakatika. Wewe si una mashine ya kukereza?"

Maneno yale yakaniingia. Nakereza miguu ya vitanda mwaka wa kumi na tisa sasa. Mguu wangu wa kitanda unabeba mume, mke, watoto wawili na godoro la inchi nane, na bado mke akikasirika anakaa pembeni pale kwenye kona kwa uzito wote wa hasira. Kijiti cha kubeba mpira mdogo kama ndimu, usiofika gramu 46, kitanishinda?

Kimenishinda.

Bosi alipokuja mara ya kwanza aliagiza kwa sentensi moja: "Idumu, halafu iwe bei poa." Wateja wote wa mji huu walizaliwa na sentensi hiyo mdomoni. Kuna mzee alikuja kuagiza jeneza akaniambia hivyohivyo, lidumu. Lidumu, Mzee wangu, limngoje nani?

Nikaanza na msonobari kwa sababu mabaki yake nilikuwa nayo. Somo la kwanza likawa nyuzi: nyuzi za mbao zisipokwenda kwa urefu wa kijiti, ukikikazia macho tu kinakatika. Halafu kichwa. Kikombe kikiwa cha juujuu, mpira unateremka kwa upepo wa feni. Kikiwa na kina, mpira unajilaza humo kama yai la kuku anayeatamia. Kiuno kikiwa chembamba kinavunjika wakati wa kuingia, kikiwa kinene ardhi haikipokei. Na huku umeme unakwenda, unarudi, unakwenda. Tii yangu ya kwanza niliianza Jumanne nikaimaliza Ijumaa. Sentimita saba.

Mwanangu wa kidato cha tatu akanionea huruma, akaingia kwenye simu kutafuta, kwa bando langu. "Baba, hii kitu ya mbao alianza nayo daktari wa meno." Nikajua ananitania. Kumbe kweli. George Grant, Mmarekani mweusi wa Boston, msomi wa Harvard, mwaka 1899 alipata hataza ya tii ya mbao yenye kichwa cha raba. Kabla ya hapo waungwana walikuwa wanafinyanga kichuguu cha mchanga mbichi kwa vidole na kuuweka mpira juu yake, kama watoto wanaopika ugali wa udongo. Grant hakufanya biashara, aliwagawia rafiki zake tu. Chama cha gofu cha Marekani kilikuja kumtambua rasmi mwaka 1991. Miaka tisini na miwili! Mimi wale mama wa mikopo ya kausha damu hawanisubiri mpaka saa kumi jioni.

Akaniambia tena, miaka ya 1920 alitokea mwingine, William Lowell wa New Jersey, akazipaka rangi nyekundu zionekane kwenye majani, akampa bingwa wa zama zile, Walter Hagen, azitangaze, watu wakazipenda, waigaji nao wakamvamia kila upande. Na huyo kazi yake?

"Daktari wa meno, Baba."

Wawili. Nikaliacha benchi nikaenda kukaa nje. Seremala mzima nahangaika na kazi ya madaktari wa meno, na gego langu la kushoto linaniuma tangu Mei, na daktari wa kuling'oa sina hela ya kumwona.

Basi Jumamosi moja Bosi akasema tukazijaribu uwanjani kwenyewe. Jina la klabu silitaji, nina sababu zangu, mtaziona. Nilivaa fulana yangu safi, ile ya harusini. Mlinzi wa getini akanitazama kifuani, akasema neno moja: "Kola."

Nikadhani anaomba soda. Nikamwambia nikitoka nitamletea.

Kumbe shati lisilo na kola haliingii mle. Side akatoka mbio, akaazima kwa muuza ndizi nje ya geti shati jeupe la shule alilomnunulia mwanawe wa darasa la sita. Kola ipo. Vifungo viwili vya chini havikuwa na mpango wa kufikiana. Nikaingia kwenye gofu nikiwa mwanafunzi, nimekumbatia kopo la maziwa lenye tii zangu, kitovu kinatazama mandhari.

Walikuwa waungwana wanne na makedi wanne. Bosi akanitambulisha: "Huyu ndiye mbunifu wangu." Mbunifu! Nikanyoosha mgongo, shati likapanda.

Akachukua ya msonobari. Ilikuwa Agosti, ardhi imekauka ngumu kama lami. Akaikandamiza kwa dole gumba. Kwa! Nusu ardhini, nusu kidoleni. Mmoja wao akauliza kama zinauzwa zikiwa zimevunjika tayari au mteja anavunja mwenyewe.

Akachukua ya mninga. Ikaingia. Mpira ukakaa. Bosi akarudi nyuma, akajipanga, akatikisa makalio kama bata anayetoka majini, akanyanyua fimbo mpaka nyuma ya kisogo, akashusha. Upepo wake niliusikia mimi niliyesimama mbali. Majani yaliinama. Mpira upo palepale. Tii ipo palepale. Kitu pekee kilichosogea ni kofia ya Bosi.

Kimya. Kunguru akalia.

Side alishanieleza sheria njiani. Mpira ukidondoka wenyewe kabla hujapiga, unauweka tena bila adhabu. Ukipunga fimbo kwa nia ya kupiga ukakosa, hilo ni pigo, linaandikwa. Waungwana watatu wameshika kalamu. Bosi akaitazama tii. Akanitazama mimi. Akasema, "Tii imesogea."

Nikafungua mdomo. Nina miaka arobaini na saba, nina wajukuu wawili, sijawahi kuusingizia mninga. Side akanikanyaga mguu.

"Ndiyo, Bosi," nikasema. "Imesogea kidogo. Mninga una tabia hiyo."

Hata hivyo wakaliandika pigo. Uongo wangu ukaenda bure.

Hapo nikatoa silaha yangu ya mwisho: mpingo. Mbao inayozama majini, Wazungu wanachongea klarineti, Wamakonde wanachongea mababu. Nilikuwa na kipande kutoka kwenye kinyago kilichovunjika, nikakereza tii moja tu, na patasi ilinililia kwa siku mbili. Ikaingia kwenye ardhi ile kama sindano kwenye godoro. Bosi akajipanga, bata akatoka tena majini, akapiga. Safari hii mpira uliondoka. Uliondoka jamani, mpaka makedi wakapiga makofi ya kweli. Tii nayo ikaruka kwa nyuma, ikapiga mluzi sikioni mwangu, ikatokomea majanini.

"Haijavunjika!" nikapiga kelele.

"Iko wapi?" akauliza Bosi.

Tukaitafuta. Watu tisa, waungwana wanne, makedi wanne na mwanafunzi mmoja wa darasa la sita, tumepiga magoti tunapapasa nyasi, kijiti cheusi kwenye kivuli cheusi, na kundi la nyuma yetu linapaza sauti likiuliza kama tunachimba kisima. Hatukuiona. Bosi alipoinuka akaigeuza fimbo yake, akakuta mchubuko mdogo pale chini. Akaupitishia kidole mara tatu. "Fundi, unajua hii fimbo bei gani?" Akanitajia. Na karakana yangu yote, pamoja na mimi ndani, haifiki.

Tii ilipatikana Jumatatu. Iliipata mashine ya kukatia majani. Msimamizi wa uwanja akaletwa na Side mpaka Keko, mkono mmoja kashika kisu cha mashine kina pengo kama la mtoto wa miaka saba, mkono wa pili kashika tii yangu. Haikuwa na hata mkwaruzo. Nakiri kwamba kwa sekunde moja nilijivuna. Kisha akanitajia bei ya kisu.

Nikajaribu mengine. Mianzi ilikuwa inakwenda vizuri mpaka ilipoanza kupasuka vichwa. Za soli ya ndala mbwa wa jirani alizila zote. Nikafikiri kuzifunga kamba zisipotee, Bosi akasema yeye hachungi mbuzi. Mama Zuhura, mke wangu, aliuliza tu kama kuna mtu aliyewahi kula tii, akaenda zake.

Hizi kumi na nne za kwenye bahasha ni za mtiki. Mtiki mzuri, nyuzi kwa urefu, kikombe sawasawa, nyekundu kama za Lowell. Kila moja shilingi mia, na kwa mia hiyo mimi napata vumbi la mbao puani. Kwa hiyo leo nimemweka kitako Bosi kwenye stuli, nikamweleza kwa heshima zote. Nikamwambia, Bosi, lazima kitu kimoja kivunjike. Isipokatika tii, inachubuka fimbo. Isipochubuka fimbo, kinakatika kisu cha mashine. Tii hii ni fyuzi. Inaungua yenyewe ya shilingi mia ili nyumba ya mamilioni isiungue.

Akaitikia kwa kichwa. Akafikiri. Nikaona ameelewa, nikaanza kuirudisha bahasha kwake taratibu.

"Nimekupata, Fundi," akasema. "Basi nitengenezee fyuzi isiyoungua."

Ndugu zangu. Niliingiza mkono mfukoni, nikatoa noti ya elfu mbili, ndiyo iliyokuwa ya chai, ya nauli na ya msumari wa inchi mbili, nikampa. Akasema hana chenji, mia sita atanirushia kwenye simu. Hiyo ilikuwa saa mbili. Sasa ni saa tano na robo. Simu imelia mara mbili: moja ni ujumbe wa kuniambia nimeshinda gari, nyingine ni hao hao wa kausha damu.

Na kuna jambo sijawaambia kuhusu mtiki ule. Ulikuwa mguu. Kuna kitanda cha bibi harusi, futi sita kwa sita, nimeahidi tangu kabla ya Ramadhani, harusi ni Ijumaa hii. Miguu mitatu ipo, imekerezwa vizuri, ina maringo. Wa nne ndio huu uko kwenye bahasha, vipande ishirini na nane. Nimejaribu kona ile kuiwekea tofali nikatandika shuka juu, ukisimama mlangoni huoni kitu. Lakini bibi harusi hatasimama mlangoni.

Simu ya tatu ilikuwa ya baba yake.

"Fundi, kitanda."

"Shikamoo, Mzee. Kiko kwenye guta, hapa nakiona kinapanda Chang'ombe."

"Marahaba. Mbona nasikia mashine ya kukereza?"

Hapo hapo umeme ukakatika.