Simba wa kompyuta, faida ya nani?

Je, filamu zitumie wanyama hai au wa kompyuta? Hatari!, filamu iliyopigwa Tanganyika na kutoka mwaka 1962, haikuwa na kifaru wa bandia. John Wayne na wenzake walipanda magari yaliyokuwa yakikimbiza vifaru wa kweli, kamba tayari, na mwongozaji Howard Hawks alijisifu kuwa waigizaji wenyewe ndio waliowakamata. Kifaru mmoja alipowachoropoka, kamera hazikuzimwa, na tukio hilo limo ndani ya filamu. Ukilitazama leo unaona kabisa kwamba jasho lile si la kuigiza. Unaona pia mnyama aliyefukuzwa hadi akachoka ili watu wa mbali wapate burudani.

Kisha ikaja Born Free (1966), iliyopigwa Kenya kwa kutumia simba hai. Kazi ilipokwisha, wengi wao waliishia kwenye bustani za wanyama, na watatu tu wakapewa mhifadhi wa wanyama George Adamson awarudishe porini. Mmoja wao, Boy, alimuua mfanyakazi wa kambi ya Adamson, Stanley, mwaka 1971 huko Kora, Kenya. Adamson akalazimika kumpiga risasi simba aliyemlea. Anayedai kuwa simba akizoeshwa vizuri hana neno, na aanzie hapo.

Kwa hiyo kwa upande wa wanyama pori, naona ubishi umekwisha. Simba wa kompyuta hafungiwi kizimbani wala hamrarui mtu. (Mbwa na farasi ni habari nyingine, hao wamezoea kuishi na kufanya kazi na watu.)

Ila tuangalie hesabu. Watengenezaji wa The Lion King ya mwaka 2019 walikuja Kenya kutazama mbuga na wanyama, wakarudi Marekani kuvitengeneza upya kwa kompyuta. Mwongozaji Jon Favreau alieleza kwamba kati ya picha 1,490 za kompyuta alipenyeza moja tu iliyopigwa Afrika, ile ya jua linalochomoza mwanzoni. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Enzi za Hatari! walau dereva, mpishi na mbeba mizigo wa hapa walihitajika. Disney, kampuni iliyotoa filamu hiyo ya 2019, ilichangia mfuko wa kunusuru simba, na si haba, lakini mchango wa hisani si ajira.

Wala wanaowachora wanyama hao hawajaneemeka sana. Rhythm & Hues, kampuni iliyomtengeneza simbamarara wa filamu ya Life of Pi, iliomba kinga ya kufilisika Februari 2013, siku chache kabla ya kazi hiyo kushinda Oscar. Filamu hiyohiyo ilitumia pia simbamarara hai, na barua pepe ya msimamizi wa ustawi wa wanyama iliyofichuka baadaye mwaka huo ilisema mmoja wao, King, nusura azame. Ndiyo maana "tumetumia kompyuta" si jibu la kupokewa bila kuuliza zaidi.

Halafu kuna suala la sanaa yenyewe. Wengi walilalamika kwamba simba wa 2019 walikuwa halisi mno hata nyuso zao hazikuonyesha huzuni, na mimi nakubaliana nao. Handspring, kampuni ya vikaragosi ya Cape Town, ilipita njia nyingine: farasi waliyemtengenezea tamthilia ya War Horse, London, 2007, ni fito za henzerani na kitambaa, na wanaomwendesha wanaonekana wazi jukwaani. Sikio likicheza na kifua kikipanda, mtazamaji anawasahau wale watu. Hakudanganywa, amekubali mwenyewe.

Ufundi huo hauko mbali nasi. Mwaka 2025 msafara wa vikaragosi vya wanyama wenye ukubwa wa kweli, The Herds, ulianzia Kinshasa kuelekea eneo la Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia. Mtayarishaji wa Dar au Nairobi asiye na fedha za kompyuta za Hollywood anaweza kuanzia kwa mafundi wa aina hiyo, hasa kwa picha za karibu. Kundi la nyumbu elfu moja wakivuka Mto Mara, hilo bado litamshinda.