Kidonge na Ukoo Wake

Klorokwini ilikuwa dawa ya kiungwana. Chungu, na uchungu wake haikuuficha. Unameza jioni, usiku unajikuna. Viganja vinawasha, nyayo zinawasha, mgongo unausugua kwenye mlango, na jirani akipita nje akasikia mlango unagonga anajua fulani ana homa na ameshameza. Upele huuoni, mwasho unao. Ukiuliza kinachokuwasha nini, mtoto wa chuoni atakujibu bila ya kufikiri: klorokwini. Mwaka 2003 hapa Zanzibar tukabadilishiwa, ikaja dawa mseto ya atesuneti na amodiakwini, kwa sababu vijidudu vya malaria vilishaizoea klorokwini hata havishituki. Alhamdulillahi, malaria imepungua, watu wanalala. Lakini ile dawa ya zamani ilikuwa inabisha hodi na kutaja jina lake. Hivi vidonge vya siku hizi vinaingia kimya kimya, vinafanya vitimbi vyao, na lawama anatwishwa pweza.

Mie fundi cherehani, hapa hapa Chake Chake. Nashona kanzu, nashona suruali za skuli, na mwezi wa Ramadhani nashona mpaka macho yananitoka. Siku nikapimwa presha, ikasoma 170 kwa 100. Daktari akanitazama kwa huruma, akaandika. Nikapewa bahasha ya kaki: amlodipini, miligramu 5, 1×1. Nikaambiwa "mzee, hii ni ya maisha," na mgonjwa wa pili akaitwa.

Presha ikashuka, sikatai. Kilichopanda ni miguu.

Cherehani yangu ya kukanyaga. Nakaa kutwa miguu chini, na ikifika alasiri kifundo sikioni. Makubadhi yaliyonikaa uzuri asubuhi, jioni yananikataa. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo kinabaki kishimo, na mjukuu wangu akaufanya mchezo: anabonyeza, anahesabu, anangoja kishimo kijae, anabonyeza tena. Wenzake wakaanza kuja kuangalia. Mtu mzima mimi, nimekaa na wateja, watoto wamepanga foleni kunibonyeza mguu.

Barazani kwetu pana madaktari wengi na hakuna hata mmoja aliyesomea. Wa kwanza akasema figo. Wa pili akasema matende. Wa tatu akasema chumvi, na huyo anakula urojo kila siku na chumvi anaongeza juu. Wa nne hakusema kitu, alitikisa kichwa tu, akauliza kama nina ugomvi na mtu wa shamba. Hakuna aliyeuliza: unameza nini?

Na kwenye kituo nilichokwenda hawakuuliza pia. Waliona miguu imejaa, wakanipa dawa ya kushusha maji, hidroklorothiazide. Bahasha nyingine, 1×1. Saa haikuandikwa. Basi mie nikawa nameza baada ya Magharibi, ndio wakati ninaokaa na utulivu wangu. Yakhe! Dawa ya mkojo kazi yake moja, na ile iliifanya kwa bidii. Usiku mzima nipo njiani baina ya kitanda na choo. Alfajiri nachukua udhu nyumbani, nikifika msikitini sina, nachukua tena, nikishika safu roho iko mlangoni. Mimi niliyekuwa safu ya mbele tangu ujana wangu, nikahamia safu ya nyuma karibu na viatu, kwa ajili ya usalama wa Waislamu. Watu wakaanza kusema fundi siku hizi imani imelegea.

Baadaye ndio nikaja kujua kwamba dawa ile humezwa asubuhi, ili mchana ukojoe na usiku ulale. Na kubwa zaidi, miguu haikuhusika nayo. Amlodipini hutanua mishipa midogo ya damu, ndio presha ikashuka, lakini mishipa ikitanuka sana maji huvujia kwenye nyama ya mguu. Mwili haukushindwa kukojoa. Nilikojoa bahari ya Wesha yote na kifundo hakikupungua hata unyoya.

Sasa subiri. Usiku mmoja naamka, kidole gumba cha mguu wa kulia kinawaka moto. Chekundu, kimevimba, kinapiga. Shuka ikikigusa napiga kelele. Mke wangu akafungua feni, nikamwambia zima, upepo unaniumiza. Akadhani nimepandwa na kitu. Asubuhi nimebebwa kwa bodaboda, mguu mmoja nimeunyoosha hewani, na kijana wa bodaboda anacheka, wallahi nilimwona kwenye kioo.

Ni gauti, maradhi ya viungo. Barazani hukumu ikatoka saa hiyo hiyo: pweza na dagaa. Siwakatalii moja kwa moja, maana nyama na dagaa kweli huongeza asidi ya yuriki mwilini, taka ambayo figo huitoa na mkojo. Lakini dagaa nimekula tangu sijaota meno, na kidole hakikuniuma hata siku moja. Kigeni kilikuwa kile kidonge cha mkojo. Hufanya figo izuie asidi ya yuriki isitoke, ikalundikana, ikaenda kuganda kwenye kiungo. Nani aliniambia? Hakuna. Pweza wa watu akabeba dhambi isiyo yake.

Dukani nikapewa diklofenaki, moja kutwa mara tatu. Hapo niseme haki: ile dawa ina nguvu. Kidole kikatulia, nikavaa makubadhi (asubuhi), nikarudi kwenye cherehani. Nikaipenda. Nikawa nayo mfukoni pamoja na futi na chaki. Mgongo ukiuma, kimoja. Shingo ikikaza, kimoja. Mpaka tumbo likaanza kuungua hapa chini ya kifua, na nikapewa omeprazoli. Ya kumeza nusu saa kabla ya kula, lakini bahasha haikusema, basi nikawa naishushia na chai na boflo nikishiba.

Na presha? Nilikwenda kupimwa, ikasoma 165. Huku kidonge cha amlodipini sijakikosa hata siku moja! Daktari mwingine, si yule wa mwanzo, akasema: "Dozi haitoshi mzee, tutakupandisha." Miligramu 10. Miguu ikaniambia karibu tena.

Ndio maana nasema kidonge hakiji peke yake. Kinakuja bwana, baada ya mwezi anavuta mke, mwaka haujesha wana watoto, na wewe ndio unayewalisha.

Tena nashukuru, kuna wenye balaa kuliko langu. Jirani yangu, maalim wa skuli, yeye kwa presha alipewa enalapirili. Akashikwa na kikohozi kikavu, kh, kh, kh, hakitoi makohozi, hakina homa, usiku hakimpi raha. Alikunywa asali na tangawizi. Alinunua dawa za maji za kila rangi. Ijumaa khatibu akiingia kwenye hotuba ya pili na maalim anaingia kwenye kikohozi chake, watu hawajui wamsikilize nani. Akapelekwa kupimwa kifua kikuu, hana. Kumbe kundi lile zima la dawa, kaptoprili na enalapirili na lisinoprili, linajulikana kwa kikohozi. Alipobadilishiwa kikatoweka baada ya wiki chache. Na nikwambie jambo la kuchekesha: kaptoprili, mkubwa wao, ilipatikana baada ya wataalamu kuchunguza sumu ya nyoka mmoja wa Brazil, ambaye akimgonga mtu presha yake huporomoka. Mwaka 1981 ikaanza kutumika Marekani. Nilipomsimulia maalim kwamba chanzo ni nyoka, akakohoa kwa mazoea tu.

Mke wangu naye yumo. Ana sukari, anatumia metfomini. Mwanzo tumbo lilikuwa linanguruma usiku, nikifikiri ni jenereta la jirani. Akaambiwa ale kwanza ndio ameze, na dozi ipande pole pole, likatulia. Huyu alibahatika kukutana na mtu anayezungumza. Hata kabla ya Ramadhani aliitwa, wakampangia vidonge vyake futari na daku. Kile cha pili, glibenklamaidi, wakakipunguza, kwa kuwa hicho kinaweza kuishusha sukari ya mtu aliyefunga mpaka akaanguka. Wakamwambia akitetemeka na kutoka jasho afungue, asingoje adhana. Mie presha yangu hakuna aliyeniita.

Basi mwanangu, huyu aliyerudi likizo kutoka Unguja, akasema: "Baba, hebu tusome karatasi." Ipo karatasi kwenye boksi la amlodipini (hii ya 10 ilikuja na boksi lake), imekunjwa ikawa ndogo kuliko kibiriti. Ukiikunjua haikunjiki tena. Nikaipima kwa futi, inatoka mfuko wa kanzu na kipande kinabaki. Maandishi yake mie ninayetunga uzi kwenye sindano namba tisa siyaoni. Na Kiswahili hamna. Mtoto akasoma, akatafsiri. Inaweza kukuletea usingizi. Inaweza kukukosesha usingizi. Inaweza kukufungisha choo. Inaweza kukuharisha. Nikamwambia simama hapo hapo, huyu aliyeandika alikuwa anakimbia kesi.

Lakini mtoto akanionyesha kitu. Yale madhara yamepangwa kwa daraja. Yaliyoandikwa kuwa hutokea sana maana yake yanampata zaidi ya mtu 1 katika watu 10. Ya nadra ni chini ya mtu 1 katika 1,000. Na pale juu kabisa, kwenye daraja la kutokea sana, nani amekaa? Kuvimba miguu. Pale pale! Si figo, si matende, si mtu wa shamba. Mambo yote yameandikwa, nimetembea nayo mfukoni, na nchi nzima inanibonyeza kifundo.

Nikachukua kopo la halua, nikatia vidonge vyote, nikaenda. Safari hii nilimkuta daktari binti, mdogo kuliko mwanangu wa pili. "Shikamoo babu." Babu! Nikaitikia hivyo hivyo. Akamwaga kopo mezani, na wala hakushika kipimo. Akauliza: kipi kilianza? Kikafuata kipi? Akavipanga mstari, akaviunganisha kwa kalamu kwenye karatasi, hiki kimeleta hiki, hiki kimeleta hiki. Mpaka akafika diklofenaki, akaniangalia kwa namna mama yangu alivyokuwa akiniangalia nikirudi na kanzu imechanika. "Hii babu, ndiyo iliyokupandishia presha. Inazuia figo kutoa chumvi na maji. Na tumbo inalimenya ute wake wa kulilinda." Yaani dozi ilipandishwa kwa ajili ya dawa ya kidole, kidole kiliumwa kwa ajili ya dawa ya mkojo, na mkojo ulikuja kwa ajili ya mguu uliovimbishwa na dozi.

Diklofenaki akaifukuza, na ya mkojo nayo. Amlodipini akairudisha 5, akaongeza losartani kidogo, ambayo huupunguza ule uvimbe, haina kikohozi cha maalim, na inasaidia figo kutoa ile asidi ya yuriki. Omeprazoli nimalize wiki nilizoandikiwa, na kabla ya chakula. Akachukua damu aangalie figo na potasiamu. Nikamwambia, si tuviache vyote tu, nipumzike? Akanijia juu: cha presha usikiache kwa shauri lako, presha haiumi mpaka siku inapokuangusha, kikikusumbua njoo tukubadilishie. Sawa, mkuu.

Nikauliza dafu je, kwa kuwa nimesikia losartani hupandisha potasiamu na dafu limejaa potasiamu. Akasema figo zako nzima, dafu moja halina neno, usilifanye maji ya kunywa tu. Pemba hii, mtu anakuhesabia madafu! Na balungi nalo lina kesi yake. Mzee mmoja barazani anameza simvastatini ya mafuta ya damu, na kwa miaka anashauri watu wale balungi kusafisha mishipa, mwenyewe anakula kwa sahani. Kumbe balungi huzuia mwili usiivunje ile dawa, ikajaa kwenye damu, misuli ikauma. Nilipomwambia akasema misuli inamuuma kwa sababu ya kiti changu.

Miguu imepungua. Makubadhi yanaingia hata baada ya Isha, na mjukuu amekasirika, hana mchezo. Juzi jirani yetu wa nyuma, mtu mzima, ana presha kama mimi, akapiga hodi.

"Fundi, nasikia zile za maumivu umeachishwa."

"Ndiyo bibi."

"Na zimebaki?"

"Zimebaki."

"Basi si unigaie, goti linaniua."

Nikamweleza. Nikamweleza figo, nikamweleza chumvi, nikamweleza tumbo na ute wake, nikamwonyesha hata karatasi ya binti yenye mistari. Nikamwambia aende akapimwe kwanza, aseme vidonge vyote anavyotumia. Alinisikiliza vizuri, kimya, mikono kiunoni. Nilipomaliza akajifunga kanga yake.

"Siku zote nilijua una choyo," akasema, "lakini sikujua mpaka kwenye vidonge."