Nywila ya shule iko mkononi mwa nani?

Sera ya serikali ya Kenya inamtengea kila mwanafunzi wa sekondari ya umma shilingi 22,244 kwa mwaka. Tangu ulipokuja NEMIS, mfumo wa kitaifa wa kusajili wanafunzi kwa kompyuta ulioanzishwa mwaka 2017, pesa hizo zimekuwa zikifuata jina lililo kwenye mfumo. Mtoto wa Mathare, mtaa wa Nairobi, aliyekwama kusajiliwa kwa kukosa cheti cha kuzaliwa anasoma na kula na wenzake, lakini kwenye mgao hayupo. Mimi huanzia hapo nikiulizwa kama mkuu wa shule anahitaji kujua kompyuta.

Wapo wanaosema hahitaji, na hoja yao ina uzito. Mgomo hauonekani kwenye kompyuta. Hunusika kwanza kwenye foleni ya githeri, na anayeunusa ni mkuu anayezunguka, anayejua majina ya wanafunzi, ambaye walimu hawanyamazi akiingia chumba chao. Isitoshe, mifumo imezidi: usajili wa watahiniwa wa KNEC, yaani baraza la mitihani, tathmini ya walimu ya TPAD chini ya TSC, tume inayoajiri walimu, na sasa KEMIS inayochukua nafasi ya NEMIS. Mkuu wa shule ya Kayole akijifungia ofisini kuijaza yote, nani atasimama langoni asubuhi?

Basi karani ajaze, wanasema. Nakubali, kazi ya kujaza ni ya karani. Ninachokataa ni mkuu kumwachia karani nywila, au kijana wa saiba, duka la intaneti, bila yeye mwenyewe kuweza kufungua na kusoma kilichoandikwa. Karani akiugua siku ya mwisho ya usajili, shule nzima inakwama. Idadi ikiongezwa wanafunzi hewa, anayeulizwa ni mkuu. Tena kisheria yeye ndiye katibu wa bodi ya shule. Atawasomeaje wanabodi hesabu ambazo yeye mwenyewe amesomewa?

Gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026 imezidisha uzito wa jambo hili. Wanafunzi wamegawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, sanaa na michezo. Mkuu asiyeweza kulinganisha idadi ya kila mkondo na walimu alio nao atakuja kugundua katikati ya muhula kwamba darasa halina mwalimu.

Sipendi, hata hivyo, mwalimu wa miaka 55 anavyoaibishwa kwenye semina kwa sababu kidole chake ni kizito. Kasi ya kuchapa haina maana yoyote hapa. Laiti ningesikilizwa, kwenye usaili wa wakuu wapya TSC ingemwekea mwombaji skrini yenye shule ya mfano: waliosajiliwa 312, waliohudhuria wiki hii 298. Kisha aulizwe ataanzia wapi. Asiyeiona tofauti hiyo, bado. Anayeiona akaagiza karani arekebishe, bado pia. Ningempa shule yule anayeiona, akauliza ni akina nani hao 14, akainuka kwenda kuwatafuta.