Paneli ya Buku Tatu na Kanzu ya Bamkubwa

Kama hujawahi kutengeneza nyumbani sinthesaiza, ile mashine ya muziki inayotengeneza sauti kwa umeme, nikwambie tu, saketi sio tatizo. Saketi unaungaunga usiku na lehemu yako, ukikosea unang'oa unaanza upya, hakuna anayejua. Balaa ni uso wake. Lile bati la mbele ambalo nobu zinachomozea na maneno yanaandikwa ili ujue hii inaongeza nini na ile inapunguza nini. Unaweza ukatengeneza kitu kinalia vizuri kabisa halafu mbele umeweka boksi la sabuni lililoandikwa kwa makapeni, mgeni akiingia anauliza hii ni redio au bomu.

Mimi nafuata vipimo vya Eurorack, huo mfumo wa sinthesaiza za vipande vipande, kila kipande kinaitwa moduli, ameuanzisha Mjerumani mmoja Dieter Doepfer miaka ya 1990, na Mjerumani kwenye vipimo hana utani. Paneli urefu 128.5 mm, upana unahesabiwa kwa kizio kinaitwa HP, kila HP ni 5.08 mm, tundu la jeki ya kuchomekea waya 6 mm, la potenshomita inayozungushwa na nobu 7 mm, la skrubu 3.2 mm. Nenda na hayo maelezo kwa fundi wa mtaani uone, anakusikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote halafu anakwambia "we lete tu, tutakadiria".

Paneli za kununua zipo, na siku hizi watu wengi wanaagiza za fiberglasi kwenye vile viwanda vya China vinavyotengeneza bodi za saketi, zinatoka safi sana, ila ukishaongeza nauli na kusubiri unajikuta uso wa mashine umekuwa ghali kuliko mashine. Nikasema hapana. Kwa fundi vibao kuna vipande vya aluminiamu vinabaki, 1.5 mm, vingine bado vina nusu ya neno "DUKA LA", nikachukua fungu kwa buku tatu. Maneno nitayapiga kwa pasi.

Ndio, pasi, usicheke. Wino wa printa ya leza sio wino wa maji, ni unga wa plastiki ulioyeyushwa ukagandamana na karatasi. Ukichapa kwenye karatasi inayoteleza, ukailaza kifudifudi juu ya aluminiamu uliyoisugua na msasa mpaka ikawa haina hata alama ya kidole, ukapiga pasi ya moto kweli kweli, ile plastiki inayeyuka tena inahamia kwenye bati. Halafu unaloweka kwenye beseni, karatasi inalainika unaitoa taratibu na mswaki wa zamani, maneno yanabaki. Karatasi nzuri kwa kazi hii unanyofoa tu kwenye gazeti la kung'aa, yale ya mitindo ya harusi, na picha zake hazihami kwa sababu zile ni wino wa kawaida, wenyewe unakaa hapo hapo. Na pasi iwe ile nzito ya zamani isiyo na matundu ya mvuke. Nyumbani kwetu ipo moja tu, ya bamkubwa.

Kitu cha kuzingatia ni kwamba karatasi unailaza kifudifudi, kwa hiyo mchoro lazima uchapwe kinyume, kama lile neno la mbele ya gari la wagonjwa. Nikachora moduli yangu ya kelele, ina nobu tatu, KELELE kwa herufi kubwa juu, chini CHUJIO, chini kabisa SAUTI, kila moja na duara lake la 0 mpaka 10. Nikageuza. Na kwa kuwa steshenari wanachaji kwa ukurasa sio kwa neno nikapanga paneli tatu kwenye ukurasa mmoja, nikamtumia kijana wa pale faili kama dokumenti maana ukituma kama picha WhatsApp inalibana mpaka namba hazionekani, nikampa na karatasi zangu za gazeti, akanitazama, akatazama bibi harusi kwenye karatasi, akazitia kwenye mashine.

Kumbe yule kijana ana roho nzuri sana. Hakuniambia chochote. Mimi nikafunga safari nyumbani, nikasugua bati, nikabana, nikapiga pasi mpaka jasho likadondoka likachemka hapo hapo kwenye aluminiamu, nikaloweka, nikasugua na mswaki, na maneno yakaanza kutokea meusi, makali, yamekaa vizuri ajabu. ELELEK. OIJUHC. ITUAS.

Nikabeba bati mpaka steshenari. Kijana anatabasamu. "Bro ile kazi yako ilikuwa imekaa kinyume, nikakurekebishia, sikukuchaji." Unamjibuje mtu kama huyo? Nikamwambia asante, sasa naomba uirudishe ilivyokuwa imeharibika. Akanielewa nusu. Akachapa nyingine, kinyume safi, nikaweka rula nikakuta 128.5 imekuwa 124 na kitu kwa sababu mashine yake imetegwa ipunguze kila kitu kitoshe kwenye ukurasa. Hapo mashimo ya skrubu yote yanakosana na reli zinapofungwa paneli. Tukatafuta pa kuandika asilimia mia, foleni nyuma yangu kuna wanafunzi wanataka kutoa kopi za cheti, mama mmoja ananiuliza mjukuu hayo ni maombi gani yanaandikwa kwa herufi za kichawi. Mwishowe nikaondoka na nakala kadhaa, kipimo sawa, kinyume sawa.

Wino wa kwanza nikautoa kwa asetoni ya kucha ya dada, hiyo kesi yake ipo mahakama nyingine.

Sasa ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nimetandika blanketi juu ya meza, juu ya blanketi nimetandaza karatasi za lile gazeti la harusi ili blanketi lisiungue, nikapiga bati langu pasi, nikakimbilia nyuma kwenye beseni. Hii ya kuloweka haina haraka, ukilazimisha unang'oa karatasi pamoja na herufi, basi nimekaa kwenye kindoo nasugua kwa mswaki, nabembeleza, K imekaa, E imekaa. Humo ndani mezani nimeacha nakala moja ya akiba, imelala chali katikati ya maharusi.

Bamkubwa alikuwa amechelewa. Nilimsikia anauliza pasi iko wapi, mamkubwa akamjibu si hiyo hapo mezani na imeshapata moto. Bamkubwa ana staili yake ya kunyoosha kanzu, hasukumi pasi, anaikandamiza, anasimama nayo anahesabu moyoni, anahamia pengine. Kwa kweli hakuna njia bora zaidi ya kuhamisha wino wa leza. Akalaza kanzu nyeupe, mgongo chini, akaikandamiza. Mamkubwa anasema alimwona anabandua kikaratasi kilichong'ang'ania nyuma, akakitupa, akalalamika kuhusu ujana wa siku hizi, akavaa, akatoka.

Mimi nikaingia na bati langu. Lilitoka wastani tu. H ya CHUJIO imekatika mguu, 7 imeondoka na maji. Nikaenda kuchukua ile ya akiba nikaona haipo, nikaitafuta nikaiona sakafuni, nikaigeuza. Nyeupe. Hakuna hata nukta, bibi harusi peke yake ananitazama.

Nikamwuliza mamkubwa bamkubwa amevaa kanzu gani.

Ninavyosimuliwa, alipata nafasi saf ya pili. Na unajua hotuba ya Ijumaa inavyokuwa, hairuhusiwi kuongea, hata kumwambia mwenzako nyamaza nayo haifai. Watu wote kimya, imamu anazungumza, na mbele ya macho ya saf ya tatu kuna mgongo mpana wa mzee wa watu umeandikwa KELELE KELELE KELELE. Haujapinda, haujakatika, 7 ipo, H ina miguu yote. Binamu yangu alikuwa nyuma kidogo anasema kila bamkubwa alipoinama vile viduara vilikuwa vinatanuka, na yeye aliuma mkono wake mwenyewe mpaka swala ikaisha.

Kurudi, alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Shikamoo bamkubwa."

"Hiyo shikamoo iweke pembeni." Akanigeuzia mgongo. "Soma."

"Kelele."

"Endelea."

"Kelele, kelele. Chujio. Sauti."

"Na hizo namba?"

"Ni sifuri mpaka kumi, bamkubwa. Za kuzungushia."

Alikaa kimya vile anavyokaaga kabla hajataja ukoo mzima wa upande wa mama yangu. Mimi nilikuwa nishapiga hesabu ya kitambaa cha kanzu na ushonaji, na hapo nilijua asetoni kwenye kitambaa inaweza kulitawanya tu lile jeusi. Lakini hakutukana. Akatoka barazani, akarudi amebeba amplifaya kubwa ya zamani, vumbi mpaka kwenye waya, akaitua juu ya meza juu ya maharusi wangu.

Kumbe baada ya swala mzee anayeshughulikia spika za msikiti alimgusa bega. Mzee wa watu alisoma ule mgongo wote kwa makini, akaona sauti, akaona kelele, akaona namba, akajua hili ni tangazo la biashara. Akamwambia bamkubwa, shehe, miaka yote tunaswali pamoja kumbe wewe ni fundi na hujasema, sisi hapa spika inakoroma tangu mwezi wa Ramadhani. Na bamkubwa, ambaye mpaka dakika ile alikuwa hajui ana nini mgongoni, aliona aibu kuuliza, akabebeshwa mashine.

Nikaigeuza. Mbele maneno yote yamefutika kwa vidole, nobu tano hazijulikani ipi ni ipi, moja imevalishwa kifuniko cha soda.

"Ijumaa ijayo iwe inafanya kazi," bamkubwa akasema, anavua kanzu. "Na maneno uyaandike upya, maana nimeona unaweza. Na mzee amesisitiza, hiyo ya kelele uiache kwenye sifuri."