58 kwa 100, halafu?

Juzi kijana mmoja wa Kayole, Nairobi, alinitumia picha ya matokeo ya jaribio la Kijerumani alilofanya mtandaoni: 58 kwa 100. Chini yake hakuna hata neno. "Mwalimu, sasa nilikosea wapi?"

Mimi niko Hamburg. Jioni nafundisha Kijerumani kwa mtandao vijana wa nyumbani wanaojiandaa kwa mtihani wa B1, yaani kiwango cha kati, wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani: kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza, na kila sehemu inadai 60 kwa 100 ili upite. Kwa hiyo 58 inauma, na haikuelekezi popote.

Nilipokuja huku nilirudishiwa insha yenye 1,3 nikalia. Sikujua kwamba Ujerumani 1 ndiyo ya juu kabisa na 5 ni kuanguka. Nilipotulia nikaona pembeni pamejaa maandishi: hoja hii imekatika, sentensi hii isome tena kwa sauti. Nairobi nilizoea daftari kurudi na wino mwekundu, namba, na "Tia bidii!" Bidii niitie wapi?

Lakini huku nako si peponi. Mjerumani hukukosoa mbele ya watu wote, bila chumvi wala sukari. Niliiga, nikamsahihisha binti mmoja darasani mbele ya wenzake kumi na watatu, akapotea wiki mbili. Kwetu mtu huitwa kando. Siku hizi namtumia kila mmoja ujumbe wa sauti: salamu kwanza, kisha kosa moja tu. Naye anajirekodi upya usiku huohuo, mara nyingine makanga wa matatu wakipiga kelele nyuma yake, na nasikia kama kosa limeondoka. Hiyo kwangu ndiyo tathmini.

Mwenzangu wa hapa ananishauri anayezima kamera apunguziwe maksi za ushiriki. Huyo hajawahi kununua bando la siku moja akiomba limfikishe usiku. Na stima ikipotea katikati ya jaribio lenye saa, programu inaandika sifuri. Imepima Kijerumani au transfoma ya mtaa? Mimi saa nimeiondoa, isipokuwa kwenye majaribio ya wiki za mwisho, maana chumba cha mtihani kina saa na hakina huruma.

Yule wa Kayole nilimpigia, tukapitia majibu yake moja moja. Karibu kila alipoanguka palikuwa na neno *weil*, yaani "kwa sababu". Sisi tukisema "kwa sababu nimechoka" hakuna kinachohama, ila *weil* inakisukuma kitenzi hadi mwisho wa sehemu yake ya sentensi, na yeye alikuwa anakiacha palepale. Alipoliona alicheka. "Kumbe ni hiyo tu?"

Anarudia kesho saa mbili usiku ya Nairobi. Huku itakuwa saa kumi na mbili jioni, nitakuwa bado kwenye treni.