Pwani ni mahali maji yanapopwa

Mwambao mzima wa Afrika Mashariki tumeuita kwa kitenzi cha kupungua. Pwani ni pwa na ile -ni ya mahali, kama ilivyo katika nyumbani na shambani: mahali ambapo maji hupwa. Wengi tunalitaja neno hili kila siku, Tanzania ina hata Mkoa wa Pwani, lakini shuleni hatukuambiwa limetoka wapi. Tulichokaririshwa ni kwamba Kiswahili kimepata jina lake kwa Kiarabu, sawahil, wingi wa sahil, yaani pwani hiyo hiyo. Jina tulilopewa na wageni tunalieleza vizuri. Hili la kwetu, lenye mzizi wa Kibantu, tumelinyamazia, na linaniuma.

Linaniuma kwa sababu kupwa ni kupungua kwa namna yake. Mvua zikikosekana, maji ya Bwawa la Mtera hupungua, umeme ukayumba, na hakuna wa kukuambia yatajaa lini. Bahari haina tabia hiyo. Huchukua kama saa sita kujaa na kama saa sita kupwa, na kila siku hukawia kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake, maana inaufuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja. Hapo ndipo bamvua, na kwa Unguja au Mombasa tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Ukitaka kuona uzito wa kitenzi hiki, nenda Paje au Jambiani siku za bamvua. Kilimo cha mwani kilianza kushika kasi Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yakipwa wanateremka na kamba zao, wanafunga mbegu, wanavuna, wanakagua mambo, yaani vigingi vya kamba, zilizong'oka. Wengine wanasaka pweza miambani. Maji yakianza kujaa kazi imekwisha, hata kama kamba moja haijafungwa. Kwa watu hawa maji kuwa machache ndiyo riziki yenyewe, na mpango wa wiki yao unapangwa na kitenzi kimoja.

Lugha nayo imekichukua mbali zaidi. Chombo kilichoachwa juu ya mchanga kimepwelewa. Mtu sauti ikimkauka, husema sauti imenipwea. Nalipenda sana hili la sauti, kwa sababu ndani yake kuna matumaini kwamba itarudi.

Sasa tazama ndugu zake. Upungufu umezoea kukaa na mabaya: upungufu wa damu, upungufu wa chakula, na ule uliomo ndani ya UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini. Punguani ni tusi. Nakisi, kutoka Kiarabu, imehamia kwenye bajeti za serikali. Kasoro, pia ya Kiarabu, ni dosari. Imebaki na upole wake kwenye saa tu, tunaposema saa mbili kasorobo, yaani kasoro robo, na hakuna anayedhani saa hiyo imeharibika. Karibu maneno yote tuliyo nayo ya kuwa pungufu yameishia kuwa lawama. Pwa halikuishia huko. Linataja kupungua kulikopangwa, kusiko na mkosaji.

Ndiyo maana nakereka ninapomsikia mtu akisema maji ya bahari yamepungua, wakati anachokiona ni maji yaliyopwa na yatakayojaa kabla ya jioni. Bahari ikipungua kweli, hiyo ni habari nyingine kabisa, na msikilizaji ana haki ya kujua ni ipi anayoambiwa.

Somo la kujaa na kupwa kwa maji limo katika jiografia ya shule, na mara nyingi huanza na mchoro wa dunia na mwezi. Mwalimu aandike kwanza pwani ubaoni, aikate pwa-ni, halafu ndipo achore mwezi. Mtoto wa Dodoma au Kigoma ambaye hajawahi kuiona bahari atakuwa tayari ameshajua inafanya nini.