Dereva ni mama, na hakuna wa kumpokea

Nikisema likizo ya Juni naendesha gari na wanangu kutoka Dar hadi Iringa, watu hawaulizi tutapita wapi wala tutalala wapi. Wanauliza, "Nani anawapeleka?" Nikijibu kwamba ni mimi, pendekezo linafuata hapohapo: mchukue mtoto wa shangazi, yupo tu nyumbani, atawasindikiza. Kijana mwenyewe leseni kaipata juzi. Nimlipie chumba, nimlishe njia nzima, na akishapewa usukani aanze kukimbizana na mabasi. Yaani niongeze mtoto wa tatu.

Sina ugomvi na wenye hofu, ila hofu yao imekaa pasipo pake. Wao wanaogopa kwa sababu hakuna mwanamume garini. Mimi naogopa kwa sababu hakuna mtu mzima wa pili, na hayo ni mambo mawili tofauti. Baba akisafiri na watoto peke yake ana tatizo lilelile, sema yeye hakuna anayemuuliza. Nikianza kusinzia, hakuna wa kunipokea usukani. Mdogo akitapika nikiwa nimebanwa kati ya malori mawili pale Mlandizi, hakuna wa kugeuka nyuma kumshika. Kwa hiyo ushauri wangu kwa singo maza mwenzangu ni huu: ratiba yote imfuate dereva. Si watoto, si ndugu wanaosubiri kule, wala si picha za kupeleka kwenye grupu.

Dar hadi Iringa ni karibu kilomita 500. Wapo kina baba wanaojisifu kwamba walitoka alfajiri wakala chakula cha mchana Iringa. Hongera zao. Mimi naigawa safari mara mbili, nalala Mikumi mjini, na hakosekani ndugu wa kuniambia nimetupa hela ya gesti bure. Hela hiyo naitenga pamoja na ya mafuta, kabla sijafikiria hata chipsi, kwa sababu siku ya pili ndiyo siku ya Kitonga. Aliyewahi kupita pale anajua: barabara inapanda mlima kona juu ya kona, bonde liko upande mmoja, malori yanatambaa. Lori moja likizimika kwenye kona, mnaweza kukaa saa kadhaa. Kitonga naipanda asubuhi, nimelala vizuri, watoto wamekula na wameshakojoa Ruaha Mbuyuni, gari limepumzika. Kuovateki pale sitaki hata kusikia, hata aliye nyuma yangu apige honi mpaka akauke.

Tukizungumzia kukojoa: hilo ndilo linalonipa kazi kuliko pancha. Kwenye basi, kondakta akitangaza kuchimba dawa, kila mtu na kichaka chake. Kwangu mimi mkubwa ni wa kiume, ana miaka tisa. Choo cha wanawake hataki tena kuingia, na cha wanaume kwenye kituo cha malori simwachii aende peke yake. Mdogo wa kike hawezi kubaki garini. Kwa hiyo vituo vyetu nimevichagua kwa vyoo: sheli kubwa yenye vyoo ninavyoweza kusimama katikati ya milango miwili nikaona yote. Mafuta najaza papo hapo hata kama tenki halijafika nusu. Chakula kizuri kikiwa kwingine, basi, tutakila siku nyingine.

Gari nalipeleka kwa fundi wiki nzima kabla, si jana yake, ili kama kuna nati hakuikaza nigundue nikiwa bado Dar. Namwambia apime na upepo wa tairi la spea, maana wengi tunabeba tairi bapa miaka na miaka tukidhani tuna akiba. Kubadilisha tairi nilijifunza kwa fundi huyohuyo, na mkubwa kazi yake ni kutunza nati zisipotee. Siti ya mtoto inachekwa sana. "Mpakate tu, mbona sisi tulipakatwa!" Nani ampakate? Mimi nimepakata usukani.

Gesti naipigia simu mapema, na cha kwanza kuuliza ni kama gari linalala ndani ya geti. Bei baadaye. Kwenye kitabu cha wageni unajaza jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, halafu mhudumu anachungulia nje: "Mzee anapaki?" Najua wanawake wanaovaa pete kwa ajili ya swali hilo, na siwalaumu. Mimi najibu kwamba tunasubiriwa Iringa, na ni kweli, dada yangu anatusubiri, ana namba ya gari na jina la gesti, na tukichelewa ataanza kupiga simu. Baba yao naye anajua njia na siku. Hayo mengine yetu hayahusiani na usalama wa watoto.

Kuna wakati napinga safari hii mwenyewe. Kama mnaishia Morogoro au Dodoma, pandeni treni. Tangu reli ya kisasa, SGR, ianze kubeba abiria mwaka 2024, sioni kwa nini mama mwenye watoto wadogo apambane na malori ya Chalinze kwa ajili ya kujionyesha kwamba anaweza. Treni ina choo, na unaweza kufumba macho. Lakini reli hiyo haifiki Iringa, na kuna vitu vya njia hii ambavyo usafiri wa watu wengi haukupi.

Kimoja ni Mikumi. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi, kwa hiyo twiga, pundamilia na swala unawaona bila kulipa kiingilio, mradi usishuke na usiwape nyani chakula. Madirisha tunafunga, nyani wa pale wanajua ndizi iko wapi. Kuna bango la faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake kwa dola. Mkubwa aliisoma yote, akabadilisha kuwa shilingi, akagundua twiga mmoja anazidi thamani ya gari letu, Toyota IST. Tangu hapo yeye ndiye trafiki wangu. Mshale ukigusa 60 kwenye kibao cha 50 nasikia sauti nyuma, kabla hata ya tochi ya polisi ya kupima mwendo.

Kingine ni Lugalo. Kabla hujafika Iringa, kando ya barabara hii, kuna mnara pale ambapo mwaka 1891 Wahehe wa chifu Mkwawa walikisambaratisha kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski. Basi linapita pale kwa kasi, hakuna anayegeuza shingo. Wanangu walikuwa wanajua Lugalo ni hospitali ya jeshi, njia ya Mbezi Beach. Tulisimama, tukasoma, na kesho yake wenyewe wakataka kwenda makumbusho ya Kalenga kuliona fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mdogo aliogopa, akatoka nje. Mkubwa alimsumbua mwongozaji kwa maswali mpaka nikaona aibu kidogo.

Mwaka huu anataka tuunge hadi Mbeya. Ni zaidi ya kilomita 300 nyingine, maana yake gesti nyingine, tenki jingine, na kurudi Dar ni lazima iwe Alhamisi ili Ijumaa nilale, maana Jumatatu shule zinafunguliwa. Nimempa karatasi na kalamu apige hesabu. Ameshaanza kwa kufuta soda.